SOMO: Kuwaona ndege wa safari Bwawa la Nyumba ya Mungu kabla hawajarudi kaskazini

Wakuu, kila Machi ikifika naulizwa lile lile: "Wale ndege wa Ulaya wanapatikana wapi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Toka Moshi alfajiri, barabara ya Dar, kunja kulia ukifika Kifaru.

2. Beba darubini, kofia, maji na daftari.

3. Ukifika mwaloni wasalimie wavuvi kwanza. Waulize mamba wanakaa upande gani, na uwasikilize.

4. Tafuta tope. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chamchanga na vitwitwi, wale ndege wadogo wanaodonoa topeni, hawafuati maji, wanafuata tope jembamba lenye wadudu, na masika yakijaza bwawa tope linafunikwa na ndege wanatawanyika. Kwa hiyo wahi kabla mito ya Kikuletwa na Ruvu haijaleta maji mengi. Simama jua likiwa mgongoni. Upande wa Kifaru ni mashariki mwa bwawa, asubuhi unakaa vizuri. Jua likishakuwa kali hewa inacheza juu ya tope na kila ndege anaonekana wa kijivu. ONYO: tope lililopasuka juu linadanganya, chini bado ni uji. Usilikanyage. Tulia, watakusogelea wenyewe. Mtafute chamchanga mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kidogo: Desemba ni wa kijivu, lakini kuelekea Aprili utamkuta kifua na tumbo vimeanza madoa ya rangi ya tofali. Huyo anajiandaa kwenda kuzaa Siberia.

5. Andika tarehe, mahali na idadi palepale.

MASWALI

Pasua Kwetu: Mkuu, heroe wapo? Na nije mwezi gani?

Machi, kabla masika hayajajaza bwawa; soma tena hatua ya 4. Heroe (flamingo) wanapenda maji ya magadi. Nenda maziwa ya Momella, Hifadhi ya Arusha. Bwawa hili ni maji baridi.

Kijana wa Sakina: Nilikuja saa sita mchana sikuona kitu. Somo lako halifanyi kazi.

Hatua ya 4, ndugu. Saa sita si asubuhi.

Mama Njoro: Shikamoo mwalimu. Mbayuwayu wanaojenga kwenye baraza yangu ndio hao wanaokwenda Ulaya?

Marahaba mama, umeuliza vizuri sana. Hapana, wa Ulaya hawajengi huku, wanakuja kula tu. Kiota chako kikiwa bakuli la udongo lenye mlango mrefu kama shingo ya chupa, na ndege ana michirizi kifuani, huyo ni mwenyeji. Chungulia pia chini ya madaraja: yupo mwenye utosi wa kahawia na koo jeupe, naye ni wetu. Wa Ulaya ana koo jekundu lenye mkanda mweusi chini yake. Machi watazame kwenye nyaya za umeme jioni, wanajipanga kabla ya kuondoka.

Mama Njoro: Asante. Na wale wanaopita juu sana wakilia "pruu, pruu"?

Keremkerem wa Ulaya, ndege wala nyuki. Utawasikia kabla hujawaona, hata katikati ya mji wa Arusha.

Kijana wa Sakina: Samahani mkuu, nitarudi mapema. Picha napigaje bila kamera kubwa?

Karibu sana. Weka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini, egemeza viwiko kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu. Muombe mwenye mtumbwi kwanza.