Jinsi ya kujua kama watu wa dunia yako ya fantasia wangesoma hadithi

Ukishabuni dunia yako na wafalme wake na majini yake, usikimbilie kumpa mhusika kitabu cha hadithi kisa wewe mwenyewe unapenda kusoma. Kwanza jiulize wanaandikia kwenye nini. Ulaya kabla karatasi haijasambaa walitumia ngozi, na Biblia moja kubwa ilikula ngozi za ndama zaidi ya mia, sasa nani amalize zizi zima kwa ajili ya stori ya mapenzi? Watu wa hivyo wataandika dini, sheria na madeni, stori zitabaki mdomoni.

Alafu angalia nani ana muda na mwanga, na hapa ndo pananoga. Japani mwanzoni mwa karne ya 11, Murasaki Shikibu aliandika hadithi ndefu sana ya kubuni akiwa mwanamke wa ikulu, na wasomaji wake walikuwa watu wa hukohuko ikulu, ilinakiliwa kwa mkono na kupitishwa mtu kwa mtu. Kwahiyo huhitaji taifa zima linalojua kusoma, kikundi kidogo chenye karatasi na hamu ya kujua nini kinafuata kinatosha. Tena aliandika kwa kana, yaani herufi za kuandikia Kijapani walichokuwa wanaongea, wakati mambo rasmi ya wanaume yaliandikwa Kichina. Kama kwenu maandishi ni ya lugha ya kale wanayoijua makuhani tu, usitegemee riwaya.

Wengi wanateleza kwenye kudhani kilichoandikwa lazima kisomwe kimya kimya chumbani. Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili, uliandikwa kisiwani Pate, pwani ya Kenya, mwaka 1728 kwa hati za Kiarabu, lakini utenzi ni wa kughaniwa, mmoja anashika karatasi na baraza zima linasikiliza. Mpe mhusika wako kikao cha namna hiyo, utapata na watu wa kubishana naye humohumo.

La mwisho ni umri wao. Kama wanaishi miaka 700, ukiwaandikia hadithi ya kubuni kuhusu vita vya zamani kuna bibi atainuka aseme mimi nilikuwepo, haikuwa hivyo, na wataona mwandishi ni muongo tu. Watu hao wape hadithi za nchi ambazo hakuna aliyewahi kufika.