Shavu la mtoto mchanga likivimba: mambo ya kuweka tayari kabla

Nunua kipimajoto. Kiganja cha bibi si kipimo. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akifika 38, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kijitabu cha kliniki na nauli ya usiku viweke pamoja. Mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, na wageni wasimbusu mdomoni; watanuna, waache wanune.

Kubwa ni kunyonya. Mate yanapotiririka husafisha mrija wa tezi ya mate. Mtoto akikaukiwa, bakteria wa mdomoni, mara nyingi Staphylococcus aureus, hupanda mrijani hadi kwenye tezi iliyo mbele ya sikio. Waliozaliwa kabla ya miezi kutimia ndio walio hatarini zaidi. Basi hesabu nepi: baada ya siku tano za kwanza, zikipungua sita zilizolowa kwa siku, uliza. Na usimpe maji ati kwa sababu ya joto la kaskazi, mnyonyeshe zaidi.

Sisi hatukuhesabu. Mwana wa dada yangu, kazaliwa wiki tano kabla, alikuwa kimya tukamsifu kwa upole wake. Siku ya kumi na mbili shavu la kushoto likavimba, jekundu, la moto. Wakubwa wakasema matubwitubwi, akapakwa masizi ya chungu. Matubwitubwi kwa umri ule ni nadra mno, huwa bado ana kinga ya mamake, lakini nani angebisha? Kliniki ya mtaani ikatupa dawa ya chupa. Siku mbili zikapita. Usiku wa tatu akakataa titi kabisa, nasi tuko Likoni, feri ndiyo kwanza imeng'oa. Nusu saa ile siisahau.

Ng'ambo, daktari alifuta masizi, akabonyeza taratibu mbele ya sikio huku akichungulia mdomoni: usaha ukatoka ndani ya shavu. Akachukua kidogo kwenda maabara, akamwanzishia antibiotiki za mshipani na dripu. Walilala wodini siku kumi. Hakupasuliwa, alhamdulillahi.

Kwa hiyo usipake kitu, usikande, usikamue mwenyewe. Uvimbe chini ya taya nao uonyeshe, kuna tezi huko pia. Ukipewa dawa ya chupa na shavu bado jekundu, rudi, hata wakikuona msumbufu. Asali weka mbali. Kanga tatu na madirisha yamefungwa, hapana. Na nepi zile, hesabu tena.