Mazda MX-5 ya 1989–1997: kutibu mshale wa spidi na kuipa ekzosi mlio mzuri

Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza (NA), zile zilizouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, hupima spidi kwa kebo ya chuma inayozunguka. Sensa ya umeme ilikuja na kizazi cha pili. Kwa mwenye gari hii ni heri, maana karibu kila ugonjwa unaonekana kwa macho na kushikika kwa vidole. Kebo inaanzia ubavuni mwa giaboksi, karibu na njia ya bomba la ekzosi, kwa hiyo kazi hizi mbili zifanye pamoja gari likiwa juu ya stendi nne. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Subiri ekzosi ipoe kabisa, kisha fungua waya hasi wa betri, ambayo iko ndani ya buti.

Kabla ya kununua chochote, soma dalili. Mshale unaotikisika kwenye mwendo mdogo kisha ukatulia unapokimbia unaonyesha kebo iliyokauka au kupinda. Mshale na kihesabu kilomita vikifa pamoja, kebo imekatika au imechomoka, au gia ndogo ya plastiki iliyo kwenye giaboksi imelika meno. Kilomita zikihesabu huku mshale umelala, mita yenyewe ndiyo mbovu. Mshale ukifanya kazi lakini kilomita zimeganda, kigia cha kihesabu kimepasuka.

Mita inayodanganya kwa kiwango kilekile kila siku, anza na matairi. Saizi ya asili ni 185/60R14. Ukiweka 195/50R15 tofauti haifiki hata asilimia 1, lakini 195/55R15 inazidi kwa takriban asilimia 3: mita ikisema 100, wewe uko kwenye 103. Kosa la aina hii ni baya kuliko mita inayozidisha. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 39 inaruhusu mita kuonyesha zaidi ya mwendo halisi, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini hairuhusu kamwe kuonyesha pungufu.

Kutoa kebo, anzia juu. Fungua skrubu za kifuniko cha dashibodi juu ya usukani, kisha skrubu nne zinazoshika mita. Ivute taratibu, bana klipu ya kebo nyuma yake na uichomoe. Usiivute kwa nguvu kabla hujailegeza kebo upande wa chini, kwa sababu nafasi ni finyu na klipu za plastiki za umri huu huvunjika kirahisi. Chini, fungua nati ya kebo kwenye giaboksi. Kishikio cha gia ya plastiki kinashikwa na bolti moja. Ukikitoa, weka chombo cha kukinga oili.

Chomoa waya wa ndani, ufute, ulaze juu ya meza tambarare na uuzungushe kwa vidole. Ukiruka hata mahali pamoja, umepinda, na hakuna grisi itakayoutibu, nunua mpya. Kagua pia ncha zake za pembe nne, zisiwe zimeviringika. Kama uko sawa, upake grisi nyepesi, safu nyembamba tu, kuanzia upande wa giaboksi, na uache sentimita 15 za juu zikiwa kavu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Waya huu umesokotwa, na ukizunguka hupandisha oili kama skrubu, hadi ndani ya mita. Mle ndani sumaku inazunguka karibu kabisa na kikombe cha alumini bila kukigusa, na mshale unavutwa na nguvu ya sumaku hiyo ikishindana na springi nyembamba. Oili ikiingia, mshale unakuwa mzito au unang'ang'ania.

Kwa hiyo ukikuta kebo imelowa oili ya gia, kubadilisha kebo peke yake ni kupoteza hela. Sili iliyo ndani ya kishikio imechoka. Weka sili mpya na oringi mpya ya nje, kisha hakiki kiwango cha oili ya giaboksi (75W-90 ya daraja la GL-4).

Mita unaweza kuipima mezani. Kiwango cha Kijapani ni mizunguko 637 kwa dakika kwa kilomita 60 kwa saa. Zungusha tundu la mita kwa vidole kwanza ujue upande unaopandisha mshale, kisha tumia drili ya spidi ndogo yenye mizunguko inayojulikana. Mshale ukipanda laini, mita ni nzima. Unaporudisha kebo, usiikunje kwa kona kali, na uifunge mbali na bomba la ekzosi, kwa sababu joto huyeyusha ganda lake.

Sasa ekzosi. Mlio mzuri hauanzi kwa kukata silensa. Anza kwa kutafuta uvujaji. Gari likiwa baridi, washa injini nje penye hewa na usikilize: sauti ya tik-tik inayofifia injini ikipata moto ni gasketi ya manifoldi (mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kutoka injini) au ufa. Alama nyeusi za masizi kwenye maungio zinaonyesha mahali penyewe. Uvujaji karibu na sensa ya oksijeni huingiza hewa, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza, na gari linakula mafuta bure. Mtetemo wa bati mara nyingi ni ngao ya joto iliyokatika; klampu ndefu ya chuma kisichoshika kutu inamaliza kazi.

Kwa injini ya 1.6 au 1.8 isiyo na tabo, bomba la milimita 57 linatosha. Milimita 63 liache kwa wenye tabo. Kwenye injini ya kawaida gesi inapungua kasi, nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko midogo inafifia na mvumo unaongezeka. Katalisti, kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi hukiita masega, iache mahali pake. Inalainisha mlio, na ukiitoa utabaki na harufu kali na gari lisilopita ukaguzi katika nchi nyingi.

Tofautisha mkwaruzo na mvumo. Mkwaruzo ni sauti kali ya juu. Unatibiwa na rizoneta, yaani silensa ndogo ya bomba la matundu lililozungushiwa sufi, urefu wa sentimita 30 hadi 45, kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya silensa. Mvumo ni ule uzito unaoumiza masikio kwenye mwendo wa safari, na sufi haiugusi. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili kila mzunguko, hivyo gawanya mizunguko kwa 30: mvumo ukitokea kwenye 3,000, ni hezi 100, yaani mapigo 100 kwa sekunde. Dawa yake ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi la sauti hiyo. Gesi ya moto upande wa nyuma hupitisha sauti kwa takriban mita 480 kwa sekunde. Gawanya kwa 400 (hezi 100 mara nne) upate mita 1.2. Likate refu kwa sentimita 10 zaidi, jaribu, kisha punguza kidogo kidogo, kwani kulipunguza hupandisha mizunguko linayotibu.

Nati zenye kutu zilowekee mafuta ya kulegeza usiku kucha. Piga pointi tu (vidoa vidogo vya kulehemu vya kulishikiza) bomba likiwa garini, tena ukiwa umelitenga tangi kwa ngao, kisha lishushe ulichomelee kikamilifu chini, mbali na petroli. Acha nafasi ya milimita 20 kuzunguka bomba, kwa kuwa injini hucheza, na weka raba mpya za kuning'iniza. Toboa tundu la milimita 3 chini ya silensa, maji yatoke yasiiozeshe kwa ndani. Flenji zipate gasketi mpya, kaza kwa Nm (nyutoni-mita) 40 hadi 50, na baada ya safari chache za kupata moto na kupoa, kaza tena.