Mgongo wa dereva: anza na kiti na tairi kabla hujakimbilia vidonge

Wakubwa wa trela, mabasi na taksi, mgongo ukianza kuuma tu mtu anaenda famasi ananunua vidonge, anameza, anaendelea na safari ya Malaba, wakati kinachomuumiza bado amekikalia. Kukaa masaa mengi kunakandamiza zile diski za katikati ya pingili za uti wa mgongo, halafu gari nalo linatetema, na mbaya zaidi ni mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, hapo uti wa mgongo unaruka kuliko hata kiti chenyewe. Ndo maana kuongeza sponji laini juu ya kiti mara nyingi haisaidii, inaweza hata kuzidisha.

Kama kiti ni cha upepo (kile kinachobebwa na hewa), kaa kwanza na uzito wako wote ndo ukipandishe mpaka kisimame katikati, si juu kabisa eti uone mbali. Ukipita tuta kikagonga chini "gwa!", ama upepo ni kidogo ama shokapu ya kiti imekufa, mwambie bosi abadilishe (hapo ndo kuna maneno, atakwambia si gari linatembea?). Makalio yafike mwisho wa kiti, egemeo lilale nyuma kidogo, taulo iliyokunjwa weka pale kiunoni, na waleti toa mfuko wa nyuma. Ukikanyaga klachi mpaka chini goti libaki limekunjika kidogo.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hazijapata moto, zikizidi kujaa kila jiwe utalisikia. Bushi za kabini, zile raba inazokalia, pia ziangaliwe.

Halafu spidi. Gari tupu linaruka kuliko lenye mzigo, na ndo hapo wengi mnakanyaga, umeshusha Kampala unarudi Mombasa mtupu basi unaona barabara ni yako. Kwenye mashimo au maramu ya Karamoja punguza, hiyo haihitaji ruhusa ya bosi wala shilingi.

Ukifika usiruke kutoka kabini, shuka umeangalia gari ukishika vyuma, na usianze kubeba magunia papo hapo maana misuli imechoka, zunguka gari kwanza dakika 10 hivi ukicheki tairi. Foleni ya mpakani Elegu nayo usiimalizie yote kwenye kiti.

Maumivu yakianza kushuka mguuni kapimwe. Lakini ukisikia ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukagoma ama mguu ukalegea, paki gari uende hospitali siku hiyo hiyo, mzigo atamalizia dereva mwingine.