Kabla hujaanza kumsomesha nyumbani mtoto mwenye mahitaji maalumu, tengeza haya kwanza

Wazee wengi huku Pemba hawakukaa wakapanga kumsomesha mtoto nyumbani, wamejikuta tu, mana mtoto kapelekwa skuli, darasa limejaa, mwalimu mmoja, mtoto anakaa nyuma hajui kinachoendelea na wenzake wanamcheka, mama akachoka akamrejesha. Namuelewa sana mama huyo. Lakini kumrejesha nyumbani bado si kumsomesha, kuna mambo lazima yawe tayari kabla.

La mwanzo kampime masikio na macho. Hili ndo linalorukwa sana, mtoto anaambiwa mzito, mkaidi, wengine washampeleka kwa mganga wakaambiwa ana shetani, kumbe sikio limejaa majimaji ndani anasikia nusu nusu, au ubao hauoni. Anza hospitali ya karibu, Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee pale Mkoani, na wakikuandikia uende Mnazi Mmoja Unguja basi nenda, nauli ya boti inauma najua, lakini bila ya hivo utakuja kumfundisha miaka kwa njia isiyomfaa. Uliza pia kuhusu kifafa cha kuzubaa, mtoto anakodoa macho sekunde chache, ukimwita haitiki, halafu anaendelea na alilokuwa akilifanya, watu wanasema hana makini kumbe ni maradhi na yana dawa. Na dawa za kifafa usizikatishe ghafla hata kama haanguki tena, daktari ndo wa kusema. Kila mtu nyumbani ajue, akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na ikizidi dakika 5 ni hospitali.

Halafu usimtoe skuli kimya kimya. Elimu ya msingi Zanzibar ni lazima na mtoto mwenye ulemavu nae yumo, sasa ukimficha ndani jina linapotea na siku akitaka kurudi mnaanza upya. Nenda kwa mwalimu mkuu, muulize nani anashughulikia elimu mjumuisho, yani ya watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, hapo skuli au wilayani, na sheha nae ajue. Omba mkubaliane aende hata siku mbili tatu kwa wiki, mengine nyumbani, mana mtoto anahitaji wenzake pia. Kama ni kiziwi hapa nasisitiza zaidi, kumueka nyumbani pasipo na mtu anaejua lugha ya alama ni kumnyima lugha yenyewe, na bila ya lugha hutomfundisha kitu, kwa hiyo tafuta viziwi wenzake kwanza, na wewe na ndugu zake mujifunze alama pamoja nae. Mwenye ulemavu wa akili, wazee waulizie ZAPDD, jumuiya ya Zanzibar ya watu wenye ulemavu wa akili, utakutana na wenzio walokwisha pita njia hio.

Sasa nyumbani kwenyewe. Kaeni kitako nyote, baba, bibi, shangazi, kaka zake, mkubaliane, kwa sababu wewe utamfundisha kuvaa shati mwenyewe asubuhi na bibi kwa huruma zake atamvisha mchana, na mapenzi ya bibi hapo yanamrejesha nyuma. Kuvaa, kuoga, kula, kwenda choo mwenyewe, hayo ni masomo kweli kweli, tena kwa watoto wengine ndo yanatangulia alifu na hesabu, usione haya kuyaandika kwenye daftari.

Ratiba iwe ile ile kila siku. Mtoto mwenye usonji (autism) hasa, mabadiliko ya ghafla yanamvuruga, kwa hiyo mchoree picha, hapa kuoga, hapa chai, hapa kusoma, hapa kucheza, bandika ukutani. Kama hajui saa mtumilie adhana, ikiadhiniwa adhuhuri tunafunga vitabu, alasiri tunatoka nje. Somo liwe fupi, dakika 10 zinatosha kuanzia, apumzike, mrudi. Simu na katuni usizitegemee, umeme wenyewe unakatika.

Vifaa havihitaji pesa nyingi, mchanga kwenye sinia wa kuandikia kwa kidole, makome, vifuniko vya chupa. Ila mwenye mtindio wa ubongo, yule viungo vyake havimtii vizuri, mtafutie fundi amtengezee kiti, miguu iguse chini na meza iwe kimo cha kiwiko, akikaa kwa kuyumba nguvu zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke.

Kisima kifunikwe. Hili nalisema kwa uchungu, wapo watoto wenye usonji wanatoka nyumbani bila ya mtu kujua na maji yanawavuta mno, na huku kwetu kisima hapa bahari pale. Weka komeo juu asikofika, majirani wote wamjue kwa jina, na akiweza kufundishwa kuogelea afundishwe mapema.

Na jengine ambalo halipangwi mpaka likishafika, msimu wa karafuu. Kila mtu yuko shambani au anachambua hadi usiku, mtoto wetu anabaki kwenye jamvi na masomo yanakufa. Amueni sasa hivi nani atakaa nae asubuhi, na jioni muwekeni kwenye uchambuaji pamoja na nyinyi, kutenga karafuu na makonyo (vijiti vyake) kunamtia nguvu vidole vya kushikia kalamu, na kama ameanza hesabu ahesabu yeye pishi, mtu mzima awe ubavuni anahakiki tu.