Seva ya Node.js isikwame juu ya faili moja

Wasee wa Kisumu mnaoandika seva za Node.js, mkiona readFileSync (amri ya kusoma faili inayosimamisha kila kitu mpaka imalize) mahali panapojibu wateja itoeni. Node hukimbiza JavaScript yako kwa uzi mmoja (thread, yaani kazi moja kwa wakati), so faili ikisomwa hivyo kila mtu anangoja, ni kama hoteli ya samaki pale Dunga weita mmoja amesimama jikoni mpaka ngege iive na meza zingine hazijachukuliwa oda. Tumia readFile ya fs/promises (moduli ya Node ya kusoma faili bila kuzuia wengine) na await (ngoja jibu huku wengine wakiendelea) mbele, ndani ya fankshoni ya async, na try/catch ya kunasa makosa usisahau. Kazi mbili zisizotegemeana zitume pamoja kwa Promise.all, await zikifuatana unapoteza muda bure. Kusoma mipangilio seva ikiwaka, readFileSync ni sawa tu. Hesabu nzito nayo async haiokoi, peleka kwa worker_threads (nyuzi za pembeni za Node).