Televisheni ya intaneti ikidai uko Rwanda nawe uko Bukavu: namna ya kurekebisha

Jumamosi moja jioni jirani yangu wa Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, alinipigia simu akihofia kwamba fedha ya usajili aliyoilipa asubuhi ilikuwa imepotea. Kwenye skrini ya televisheni yake palikuwa na sentensi moja ya Kifaransa iliyosema kwamba chaneli aliyoichagua haipatikani katika nchi aliyomo, na nchi iliyotajwa ilikuwa Rwanda, ilhali mama huyo alikuwa hajavuka Ruzizi, mto wa mpakani, kwa miezi kadhaa. Fedha yake ilikuwa salama. Huduma ndiyo iliyokosea mahali alipo, na sisi tunaokaa kandokando ya mpaka hupatwa na kosa hilo mara kwa mara.

Haki za kuonyesha mpira na filamu huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo huduma inalazimika kuhakikisha uko wapi kabla ya kukufungulia chaneli. Televisheni kwa kawaida haina GPS, hivyo huduma hutazama anwani ya IP, yaani namba ambayo intaneti yako inatokea nayo. Katika Afrika anwani hizo hugawiwa kampuni za intaneti na shirika liitwalo AFRINIC, kisha watunza kumbukumbu mbalimbali, kampuni ya MaxMind ikiwa mmoja wao, huandika kila fungu la anwani liko nchi gani. Kampuni ikihamisha fungu kutoka nchi moja hadi nyingine, au intaneti ya setilaiti ikishukia kwenye kituo cha nchi jirani, kumbukumbu inaweza kubaki ya zamani au kuonyesha nchi ya kituo hicho.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Chukua simu iliyounganishwa na Wi-Fi ileile ya televisheni, zima data ya simu yenyewe, kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP na nchi yake, na uandike kwenye karatasi unachokiona. Baada ya hapo zima Wi-Fi, washa data ya laini yako ya Kongo, na urudie. Ikiwa njia ya kwanza inasema Rwanda na ya pili inasema Kongo, kosa liko kwenye intaneti ya nyumbani, na hutafaidika kwa kufuta programu ya televisheni na kuiweka upya, kazi ambayo watu wengi huanza nayo na kumaliza mega zao bure.

Kagua VPN kwanza, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali, kwenye simu, kwenye televisheni na hata ndani ya ruta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, kwa sababu ikiachwa imewashwa inaweza kubeba anwani ya nchi nyingine. Halafu kagua laini. Wengi wetu tuna simu za laini mbili, moja ya hapa na moja iliyonunuliwa Kamembe, ng'ambo ya Rwanda. Laini ya Rwanda hutoa anwani ya Rwanda hata ukiwa katikati ya Kadutu. Kinyume chake, laini ya Kongo ikishika mnara wa ng'ambo, kwa kawaida intaneti yake hurudishwa kwa kampuni yake ya nyumbani na kutokea huko, hivyo anwani hubaki ya Kongo. Kinachoumia hapo ni mfuko tu. Kosa la jirani yangu tulilikuta hapahapa: televisheni ilikuwa ikipata intaneti kutoka kwenye simu ya kijana wake, na data ya simu hiyo ilikuwa imewekwa kwenye laini ya pili, ile ya Rwanda. Tulichagua laini ya kwanza, tukatoka kwenye akaunti na kuingia tena, na chaneli ikafunguka.

Kwenye simu jambo ni tofauti kidogo, maana programu inaweza kuomba pia mahali unapoonekana kwa GPS. Iruhusu kutumia mahali wakati inapotumika. Ukiwa ndani ya nyumba, simu hukisia mahali kwa kutambua ruta zilizo karibu, na ruta iliyokuwa ikitumika Kigali kisha ikaletwa Bukavu inaweza kuendelea kutambuliwa kama ya Kigali kwa muda. Toka nje ya nyumba, fungua ramani, subiri alama yako itulie mahali panapostahili, ndipo ufungue programu ya televisheni.

Ikiwa hakuna VPN na laini ni sahihi, jaribu kupata anwani nyingine. Kwa intaneti ya simu, weka hali ya ndege, ile inayoandikwa mode avion, kwa nusu dakika kisha uiondoe. Kwa ruta, chomoa umeme kwa dakika kadhaa. Pima tena kila mara. Nakusihi usitumie VPN kulazimisha nchi unayoitaka, hata kama mafundi wa mtaani watakushauri hivyo: huduma nyingi huizuia, na kosa lenyewe litabaki palepale.

Anwani ikiendelea kuonyesha nchi isiyo yako, anayepaswa kuandikiwa kwanza ni kampuni inayokuuzia intaneti, kwa kuwa fungu la anwani ni lake na ndiye mwenye sauti mbele ya watunza kumbukumbu. Mtumie anwani ya IP, tarehe na saa uliyopima, mji wako, picha ya ujumbe uliotokea kwenye skrini, na matokeo ya tovuti mbili za kupima, kwa sababu kumbukumbu hazifanani. Tuma nakala hiyohiyo kwa huduma ya televisheni. Wewe mwenyewe unaweza pia kujaza fomu ya kuomba marekebisho kwenye tovuti ya MaxMind. Marekebisho hayo hayaonekani siku ileile, kwa hiyo usingoje kuanza hadi saa ya mechi.

Chaneli zikishafunguka, tazama pia saa. Bukavu iko saa mbili mbele ya saa ya kimataifa, ilhali Kinshasa iko saa moja tu mbele. Televisheni iliyowekwa saa za Kinshasa huonyesha ratiba ikiwa nyuma kwa saa nzima. Mchezo utakaoanza saa 20:00 kwetu utaandikwa 19:00. Katika orodha ya majira ya saa chagua Lubumbashi, ambayo saa yake ni sawa na ya Bukavu.